Hodi ya Tatu

Asubuhi tuliyohamia Toleo la Tatu, Kituo cha Pumzi kizima kilinukia pilau. Masufuria yalikuwa nje, nyuma ya jengo la mitambo, na mafundi wa wilaya zote walikuwa wamealikwa Dodoma, wakaja na suti zao za harusi. Injinia Mkwizu, mkuu wetu, alivaa tai nyekundu na kushika mkono wa kila mtu, hata wa mlinzi ambaye siku zote humpita kama nguzo. Mimi nilikuwa ndani, mbele ya kioo cha kompyuta. Mtu mwenye akili hasherehekei mtambo ambao haujamaliza hata siku moja.

"Dada Seche, njoo ule," Gwakisa akaniita kutoka mlangoni, kijiko mkononi. Gwakisa ndiye tuliyekuwa tunagawana naye chumba kile, kijana wa Tukuyu, mcheshi, anayekula kwa niaba ya ukoo mzima. "Kosa hata moja hakuna. Nimeangalia tangu alfajiri. Safi kabisa!"

"Hicho ndicho kinachoniudhi. Ulishaona wapi mtambo usio na kosa hata moja?"

"Wewe nawe! Mambo yakiharibika unanuna, yakienda vizuri unanuna."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, kutoka Mpwapwa.

"Mbukwa, Seche," akanipa salamu ya kwetu. "Sikupigii kwa shida. Nakusalimia tu."

Mama yangu akisema hapigi kwa shida, ujue shida imeshaingia ndani na imeshapewa kigoda. Nikamuuliza ameamkaje. Akanieleza habari za kuku, za mama Lea jirani yake, za mvua iliyogoma. Kati ya neno na neno alikuwa anavuta hewa, na mama hakuwa mtu wa kuvuta hewa katikati ya umbea.

"Mama, kipumulio kinaendaje?"

"Kimenuna leo. Alfajiri kiligonga kama kawaida yake, halafu kikanyamaza. Sasa hivi tena kimegonga, kimenyamaza. Hakiumi. Kinanipa pumzi ndogo ndogo tu, kama kinanibania." Akacheka, kicheko kikakatika njiani. "Labda na chenyewe kimesikia huko kwenu kuna sherehe."

Nikamwambia akae chini, asichote maji, asifagie, asifukuzane na kuku wa mtu. Nikakata simu. Nikakigeukia kioo.

*

Walioishi Miaka ya Vumbi hawahitaji kuelezwa kipumulio ni nini. Wanacho kifuani. Ila waliokuja baadaye hudhani ni mashine yenye akili, na vile vya siku hizi ni kweli. Vya mwanzo havikuwa na akili yoyote. Watu walikuwa wanakufa kwa maelfu, hakukuwa na muda wala fedha za kumwekea kila mtu ubongo kifuani, basi tukawawekea pampu tu, akili tukaiacha Dodoma. Kila siku pampu inamtuma mjumbe wake Kituoni, kipande kidogo cha programu, kwenda kuuliza: huyu mtu wangu, kwa damu yake ya leo na vumbi la leo, nimpe pumzi kiasi gani? Kituo kinampa kipimo. Mjumbe anarudi nacho.

Na huyo mjumbe tulimfundisha adabu. Walioandika wajumbe wa kwanza walikuwa watu wa nyumbani kwetu, waliolelewa kama sisi, nao hawakuona namna nyingine ya kumfundisha kiumbe afikapo kwenye mlango wa watu. Unapiga hodi. Usipoitikiwa, unasubiri, unapiga ya pili. Unasubiri zaidi, unapiga ya tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unaondoka zako kwa amani, kwa sababu mwenye nyumba hayupo au hana nafasi nawe, na kung'ang'ania mlango ni ushenzi. Somo hilo kila mhandisi mpya wa Kituo hufundishwa siku ya kwanza. Tulilionea fahari. Wageni wakija kututembelea tuliwaonyesha.

Nilifungua kumbukumbu za mlango, si za makosa bali za kila kitu, jambo ambalo hakuna mtu hulifanya kwa sababu ni bahari isiyo na mwisho. Nikatafuta namba ya kipumulio cha mama. Nikaipata.

Hodi. Kimya. Hodi. Kimya.

Nikatafuta namba nyingine yoyote ya zamani. Hodi, kimya. Nyingine. Hodi, kimya. Nikashusha ukurasa, nikashusha, nikashusha, na kioo kizima kilikuwa ni hodi tupu, wilaya kwa wilaya. Kongwa, Manyoni, Iramba, Kondoa. Wazee wa nchi nzima walikuwa wamesimama mlangoni kwetu tangu alfajiri, sisi tuko nyuma tunakula pilau.

"Gwakisa!" nikapiga kelele. "Mwite Mkwizu! Mwambie aje hata kama ana mfupa mdomoni!"

*

Injinia Mkwizu alisoma kioo akiwa amesimama. Tai aliilegeza, kisha akaivua kabisa.

"Haiwezekani," akasema. "Tulijaribu. Wiki iliyopita tulifunga mlango wa toleo la zamani asubuhi nzima, kusudi tuone nani atalalamika. Hakulalamika mtu. Hakukuwa na kosa hata moja."

"Injinia, mjumbe asiyeitikiwa haandiki kosa."

"Anaandika nini?"

Nikamwonyesha mstari mmoja wa siku ile ya majaribio. Ulikuwa pale kwa maelfu. *Mwenyeji hayupo. Mgeni anasubiri.* Siku ile tuliwafungulia kabla ya hodi ya tatu, wakaingia, wakachukua vipimo vyao, wala hawakutusema. Tungeweza kuwahesabu wanaoingia. Hatukuwahesabu. Tulihesabu wanaolalamika, tukaona hakuna, tukasema nyumba haina mtu, tukang'oa seva zote za toleo la zamani, tukazifuta na kuzigawa shule za sekondari. Kuna picha. Mkwizu yumo, anatabasamu.

Gwakisa akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza. "Kwani mlango mpya hauwasikii? Si uwaitikie tu?"

"Unawasikia," nikasema. "Umefundishwa kuwanyamazia."

Toleo la Kwanza lilikuwa dirisha moja na foleni: mmoja anauliza, anajibiwa, anaondoka, ndipo mwingine asogee. La Pili lilikuwa njia moja wanayopita wengi kwa pamoja, lakini mmoja akijikwaa wote wanasimama. La Tatu halina njia. Kila mzigo unaruka peke yake, unafika ukiwa umeshaanza kuongea, haubishi hodi wala hausubiri karibu. Wanaojuana wanajuana. Asiyejua lugha hiyo hajibiwi kitu, hata tusi, maana zamani waliotuvamia waliingia kwa kujibiwa. Ukimya ule ndio ulinzi wenyewe, na tuliulipia pesa nyingi.

"Ruhusu kushuka," akasema Mkwizu, ila sauti yake ilikuwa inajua jibu. Kiungo, yaani mfumo wetu unaowapokea wajumbe wote, hakijui matoleo mawili kwa wakati mmoja. Toleo huchaguliwa mara moja, kwa kundi zima. Ipo swichi ya kukiruhusu kishuke: mjumbe wa zamani akibisha, Kiungo kinashuka hadi lugha yake. Lakini kinashuka na wote. Kila mjumbe wa nchi hii angerudi kwenye dirisha moja, kwenye foleni moja.

Na kwenye Toleo la Tatu, tangu alfajiri ile, walikuwemo watoto wachanga. Wodi zote. Mtoto aliyezaliwa na mapafu ya vumbi hapewi kipimo cha siku, anapewa kipimo cha kila pumzi, papo kwa papo. Huwezi kumpanga foleni nyuma ya bibi wa Manyoni. Foleni ikisogea, yeye ameshaondoka.

Huko nje mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Nitajenga mlango wa pili," nikasema. "Kiungo kingine, pembeni, cha hao wa zamani tu. Wale wajumbe nawajua. Nipeni mashine yoyote na mniache."

"Utamaliza lini?"

"Sijui, Injinia. Jioni. Ukiacha kuniuliza, mapema kidogo."

Mafundi wa wilaya wakanyanyuliwa kwenye pilau, wakapewa waya wa kufunza pampu lugha mpya kwa mkono, kifua kwa kifua, wakaondoka na magari yote ya Kituo. Fundi wa Mpwapwa alinijia dirishani. Alimjua mama. Aliwahi kula ugali kwake.

"Dada, nianzie kwa mama?"

Kwa mama ni kilimani, mwisho wa barabara, nyumba mbili tu. Hospitali ya wilaya ina wodi nzima ya wazee.

"Anzia hospitali," nikamwambia. Nilimwambia haraka, kabla mdomo haujageuka.

*

Kila kipumulio kinabisha kwa saa yake, kufuatana na saa kilipowekwa kifuani. Waliowekewa alfajiri hubisha alfajiri, asubuhi na alasiri. Waliowekewa mchana, hodi yao ya tatu huanguka jioni. Mama yangu hajawahi kuchelewa kokote maishani mwake. Kanisani anafika kabla ya kengele. Siku ya kuwekewa kipumulio alilala kwenye baraza la zahanati na kanga yake, akawa wa kwanza kabisa, na kwa miaka yote aliwasimanga wenzake kwa hilo. *Mwenzenu nilipata kipya, nyie mmepata mabaki.*

Basi hodi yake ya tatu ilikuwa alasiri, mbele ya wote.

Na baada ya ya tatu? Mjumbe akishaondoka haji tena mpaka aitwe kwa waya, kwa mkono wa mtu. Pampu inabaki haina kipimo. Isije ikamdhuru mtu kwa kipimo kilichopitwa, inashusha pumzi pole pole, mpaka chini. Hilo nalo tuliliita usalama.

Niliandika mchana kutwa. Gwakisa alinisomea majina ya wajumbe, nami nikayapanga, na safari hii hakuna aliyetania. Mlango wa pili ukasimama, ukaanguka. Ukasimama tena, ukawa unaita karibu kwa lugha ambayo hakuna mjumbe angeielewa. Nikatukana. Nikafuta, nikaanza upya kuanzia katikati. Mkwizu alikuwa anazunguka nyuma yangu bila viatu, sijui alivivulia wapi.

Alasiri ikakaribia. Nikafungua dirisha dogo pembeni mwa kioo, namba ya mama, nikaliacha wazi. Najua sikupaswa.

Mkwizu akaliona. Akasoma jina. Akasema taratibu, "Ni mama mzazi?"

"Ndiyo."

"Mlango wako umebakiza nini?"

"Kitambo. Yeye hana hicho kitambo."

Mkwizu si mtu mbaya. Nilitamani sana siku ile awe mbaya. Alivuta pumzi, akaitazama swichi ya kushuka, ilikuwa hapo kwenye kioo, kitu cha kugusa kwa kidole. Hodi ya mama ingesikika mara moja. Kiungo kingeshuka, kingemjibu, angepata pumzi ya siku nzima. Kukipandisha tena ni kukizima na kukiwasha. Muda wa kunywa kikombe cha chai, basi.

"Mimi nakwenda kunawa uso," Mkwizu akasema. "Na Gwakisa anakuja na mimi. Hatutaona kitu, Sechelela. Na hatutauliza."

Wakatoka. Mlango ukajifunga nyuma yao.

Lo, jamani! Mtu akikukataza unaweza kugombana naye. Mtu akikuachia chumba, ugombane na nani? Nilikaa na ile swichi. Nikafungua ramani ya wodi. Sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kama ni wachache. Kila mtoto ni kinukta cha kijani kinachopepesa kila anapopumua, na walikuwa wanapepesa nchi nzima, haraka haraka, kila mmoja kwa mwendo wake. Hawakuwa na majina. Wengi walikuwa hawajapewa bado. Nikasema moyoni, huyu mwanamke alinibeba mgongoni siku vumbi lilipoingia Mpwapwa, alinifunika kichwa kwa kanga yake na yeye akabaki wazi, ndiyo maana mapafu yangu ni mazima na yake ni haya. Nikapeleka kidole kwenye swichi. Kilifika. Niliuona ukucha wangu juu yake.

Ndipo dirisha dogo likaandika: Hodi.

Ilikuwa inasubiri. Mjumbe husubiri hodi ya tatu kuliko zote, ndivyo tulivyomfundisha, kwamba pengine mwenyeji yuko uani anafua. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, natazama. Sikuwa uani. Sikuwa nafua. Sikuweza kusema karibu, na sikuweza kuondoa kidole.

Kisha likaandika: *Mwenyeji hayupo. Mgeni ameondoka kwa amani.*

Waliporudi walinikuta naandika mlango wa pili. Mkwizu alitazama ramani ya wodi, akaona kijani kinapepesa, akashika paji la uso, akaenda kukaa kwenye kona. Hakuuliza, kama alivyoahidi.

Nilipiga simu huku vidole vinaendelea.

"Mama."

"Kimegonga tena," akasema. Maneno yalikuwa yanakuja moja moja. "Halafu kimenyamaza. Seche... kwani leo hampo huko?"

"Tupo, mama."

"Aa. Basi mna wageni wengi." Akapumzika. "Si neno. Wahudumieni kwanza wageni."

*

Mlango wa pili ulifunguka jua likiwa bado juu ya kilima. Gwakisa alikaa mbele ya kioo, na wajumbe wa mchana wakaanza kubisha hodi yao ya tatu, na Kiungo kipya kikawaitikia: karibu. Karibu, karibu, karibu. Gwakisa alilia kwa sauti. Watu walikumbatiana. Nasikia yule wa kipaza sauti aliomba waliohudhuria wapige makofi, na kuna waliopiga.

Waliobisha alasiri hawakurudi. Mlango ulikuwa wazi, nikauacha wazi, na hakuna hata mmoja wa wale aliyebisha. Tuliwafunza vizuri mno.

Nilichukua waya wa mwisho na gari la Mkwizu. Alinipa ufunguo bila kunitazama. Njia nzima nilikuwa napiga simu ya mama, inaita, inaita, inakatika. Nilimpigia fundi wa Mpwapwa. Alikuwa bado wodini, kifua cha nani sijui mkononi mwake, akasema, "Dada, wamebaki wengi, lakini wanapumua," nikamwambia asante, endelea.

Jua lilikuwa linazama nilipopandisha kilima. Kuku walikuwa bado nje, hakuna aliyewafungia. Mama Lea alikuwa amekaa kwenye baraza la mama, kwenye kigoda, kanga amejifunga kiunoni na nyingine amejitanda kichwani. Aliniona nikishuka na ule waya mkononi. Hakusimama kunipokea.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ningeusukuma ungefunguka. Sikuusukuma. Mtu haingii kwa mama yake kama mwizi.

"Hodi," nikasema.

Nikasubiri.

"Hodi, mama."

Mama Lea akaanza kusema kitu, akaacha.

"Hodi!"

Kuku mmoja alipita kati ya miguu yangu. Mama Lea akaushika mkono wangu wenye waya, akaubana, akanivuta taratibu kuelekea kwenye kigoda chake.

"Zimeshatimia tatu, mwanangu," akasema. "Njoo ukae."

Nikautoa mkono wangu kwenye wake. Nikaugeukia mlango, nikapiga ya nne.